Kiti cha Kushoto cha Datsun

Ndugu msomaji, ukitembea kwa miguu katika mji wowote wa kanda yetu hii, uwe Shinyanga, Kahama, Katoro au Geita, utaona viti vya magari vilivyokwisha kuachana na magari yake. Mlinzi wa ghala la pamba amekalia kimoja. Mama lishe ameweka kingine chini ya mwembe kwa ajili ya wateja wake wa uji. Kinyozi naye anacho, na fundi baiskeli kadhalika. Wengi wetu hatuvitazami mara ya pili, kwani kiti cha gari lililokufa ni kiti tu, na maadamu sponji yake haijaliwa na panya, hufaa mgongo kuliko benchi la mbao. Leo nakuomba unisaidie kukitafuta kimoja kati ya hivyo. Lakini kabla sijakueleza sura yake, yafaa ujue ni cha gari gani, na kwa nini familia moja ya mtaa wa Ngokolo mjini Shinyanga inakihangaikia kwa mwaka wa tatu sasa.

Gari lenyewe ni Datsun 240Z. Vijana waliozaliwa katika zama za magari ya mitumba ya Kijapani hawalijui, ila baba zao wakilisikia jina hilo huacha walilokuwa wakisema. Kampuni ya Nissan ya Japani ililitoa mwishoni mwa mwaka 1969: milango miwili, viti viwili, boneti ndefu kama pua ya mamba, na injini ya silinda sita zilizopangwa mstari mmoja, yenye ujazo wa lita 2.4. Hadi lilipoachwa kutengenezwa mwaka 1973, yalikuwa yamekwisha tolewa magari zaidi ya 150,000. Sehemu kubwa sana ya hayo ilikwenda Marekani, yakiwa na usukani upande wa kushoto. Yenye usukani wa kulia, kama tunavyoendesha sisi, yalikuwa machache, na uchache huo ndio chanzo cha habari yote nitakayokusimulia.

Sifa ya gari hili katika Afrika ya Mashariki haikutokana na matangazo ya biashara. Ilitokana na matope. Mbio za magari za Safari, zilizoanzishwa mwaka 1953 kwa heshima ya kutawazwa kwa Malkia Elizabeth wa Pili wa Uingereza, zilikuwa zikipita Kenya, Uganda na Tanzania, maelfu ya kilometa, katika majira ya Pasaka ambapo mvua za masika huwa zimekwisha igeuza barabara kuwa mto. Mwaka 1971 Edgar Herrmann na msomaji ramani wake Hans Schüller walishinda mbio hizo kwa Datsun 240Z. Mwaka 1973 ikawa zamu ya Shekhar Mehta na mwenzake Lofty Drews, kwa gari la aina ile ile. Mehta alizaliwa Uganda, na mwaka mmoja tu kabla ya ushindi huo jamaa zake walikuwa miongoni mwa Waasia waliofukuzwa na Idi Amin. Isitoshe, alifika mwisho akiwa amelingana kwa alama na Harry Källström wa Sweden, aliyeendesha Datsun ya aina nyingine, ikabidi kanuni ya kuvunja sare itumike ndipo mshindi apatikane. Baadaye Mehta alishinda tena mara nne mfululizo, kuanzia mwaka 1979 hadi 1982, lakini waliokuwa watoto wakati ule, wakisimama kando ya barabara kuyangoja magari yaliyopakwa matope, hadi leo humkumbuka kwa lile la kwanza.

Watu wa Shinyanga hawakuwa na bahati ya kuziona mbio hizo zikipita mlangoni kwao. Walichokuwa nacho ni Mwadui. Tangu John Williamson alipogundua almasi mahali hapo mwaka 1940, mgodi ule ulijenga mji wake wenyewe kaskazini mwa Shinyanga, wenye nyumba, umeme, hospitali na mishahara iliyoingia kwa wakati. Mtu wa Mwadui mwenye ufundi wake aliweza kumiliki gari katika miaka ambayo mwenziwe wa mjini alikuwa akiota baiskeli ya Raleigh. Marehemu mwenye Datsun ninayoizungumzia alikuwa fundi mitambo katika mgodi huo. Aliinunua mwaka 1977 kutoka kwa mfanyabiashara wa pamba aliyekuwa akihama, na kwa maelezo ya mjane wake, bei yake iliwanyima nyama ya Jumapili kwa miaka miwili.

Hapo ndipo taabu zilipoanza, nazo hazikuwa za gari hilo peke yake. Wewe uliyekuwapo unakumbuka: mafuta yalipanda bei duniani, tukapigana vita vya Kagera mwaka 1978 na 1979, na fedha za kigeni zikakauka. Spea zikawa haba kuliko sukari. Magari ya watu binafsi yalikatazwa kutembea Jumapili baada ya saa nane mchana ili kubana matumizi ya mafuta, na gari la viti viwili, lisilobeba gunia wala mgonjwa, likaonekana kama tusi kwa majirani. Mwaka 1983 nyaya za umeme nyuma ya dashibodi ya Datsun ile ziliungua. Fundi umeme aliifungua dashibodi nzima ili azifikie, na baada ya kuziona akasema hazifai kuungwa, zinatakiwa mpya. Mpya zingetoka wapi? Mwezi Machi mwaka huo huo serikali ilikuwa imeanza vita dhidi ya wahujumu uchumi, na hata aliyekuwa na waya halali dukani aliogopa kusema anao. Marehemu akaamua kungoja. Aliizungusha dashibodi ndani ya blanketi, akaisukuma chini ya kitanda, akalifunika gari kwa turubai, na maisha yakaendelea.

Miaka mitatu baadaye, alipoona kungoja kumekuwa kurefu, alikigawa kiti cha dereva kwa dada yake wa Tinde aliyekuwa akiugua mgongo. Kiti cha abiria, yaani cha kushoto, alimpa fundi wa kushona viti mjini Shinyanga ili akitumie kama kielelezo cha kushonea vingine kwa reksini mpya pindi ikipatikana. Reksini haikupatikana. Mzee alifariki mwaka 2009 gari likiwa bado chini ya turubai.

Kwa muda mrefu hakuna aliyelijali. Watoto wawili wa marehemu walikwisha kuwa watu wazima, kaka akiwa fundi mitambo huko Geita na dada akiwa mwalimu Kahama, na kila mmoja ana familia ya kulisha. Kisha mwaka 2022 akatokea mtu mmoja na gari la kukodi, mtanashati, mpole wa maneno. Alimwamkia mama kwa adabu zote za Kisukuma, akamwita mayu, akaomba kulitazama gari. Alilitazama kwa dakika tano tu. Aliyoiulizia kwa muda mrefu ilikuwa dashibodi. Mama, ambaye hana hila, akaivuta kutoka chini ya kitanda na kufungua blanketi. Yule bwana alikaa kimya kidogo, kisha akasema kwamba ni plastiki tu, lakini kwa kuwa ameona huruma atatoa bei ya ng'ombe wawili. Mama alikuwa karibu kukubali. Kilichomzuia ni kwamba blanketi lilikuwa la harusi yake, na mgeni alitaka kuondoka nalo pia.

Hapa, ndugu msomaji, niruhusu nitoke kidogo katika habari ya familia nikueleze kwa nini mtu asafiri kutoka mbali kwa ajili ya plastiki.

Vipuri vya injini ya 240Z havina shida kubwa, hata leo. Injini ile ni ya ukoo mmoja na zile za silinda nne zilizotiwa katika pikapu za Datsun na katika magari madogo ya 160J na 180B, na ya silinda sita iliendelea kutumiwa na Nissan katika magari mengine kwa miaka mingi. Fundi hodari wa Kahama atakutafutia valvu au bastola, na akikosa ya Datsun ataijua inayolingana nayo. Vitu vya ndani havina ndugu. Dashibodi ya 240Z iliumbwa kwa ajili ya 240Z, haiingii katika gari jingine lolote, na gari jingine lolote haliwezi kuiazima dashibodi yake. Ni kipande kimoja kirefu, chenye matundu mawili makubwa mbele ya dereva kwa ajili ya mwendo na mizunguko ya injini, na matundu matatu madogo katikati kwa ajili ya geji nyingine na saa. Ndani yake mna sponji, na juu yake mna ngozi ya vinili. Vinili huwa laini kwa sababu ya mafuta yaliyochanganywa nayo kiwandani. Jua likiipiga kupitia kioo cha mbele mwaka hadi mwaka, mafuta hayo huvukizwa polepole, ngozi hukakamaa, husinyaa, kisha hupasuka kama udongo wa mbuga wakati wa kiangazi. Karibu kila 240Z iliyobakia duniani ina dashibodi iliyopasuka. Wamarekani wametengeneza vifuniko vya kuvika juu ya nyufa, lakini vingi vimekatwa kwa ajili ya usukani wa kushoto, havitufai.

Kwa hiyo dashibodi ya usukani wa kulia ambayo haina ufa hata mmoja ni kitu adimu. Na ile ya Ngokolo haikupata ufa kwa sababu ya bahati mbaya ya mwaka 1983. Ililala gizani zaidi ya miaka arobaini, ndani ya sufu, katika chumba chenye ubaridi. Msiba wa nyaya ndio uliyoihifadhi.

Thamani yake ni kiasi gani? Sitakutajia bei ya kipande kimoja, kwa maana hupanda na kushuka kulingana na anayeuza, anayenunua na njaa ya kila mmoja wao. Nitakupa mfano mmoja unaojulikana. Mwezi Januari mwaka 2020, huko Marekani, 240Z moja ilinunuliwa mnadani kwa dola 310,000. Haikuwa imeshinda mbio zozote. Sifa yake ni kwamba ilikuwa imetembea maili 21,000 hivi tu tangu ilipotoka kiwandani, na vitu vyake, vya nje na vya ndani, vilikuwa vile vile ilivyozaliwa navyo. Gari kama hilo ni la aina yake, na mtu asije akadhani kila Datsun iliyochakaa ni shamba la dhahabu. Hata hivyo mfano huo unaonyesha ni kitu gani wenye fedha wanakilipia: wanalipia uhalisi. Nissan wenyewe, mwaka 2013, wafanyakazi wao walilifufua lile gari lililoshinda Safari ya 1971, wakalitia uhai hadi likatembea tena. Toyota nao walianza mwaka 2020 kutengeneza upya vipuri vya gari lao la zamani la 2000GT. Kampuni kubwa hazifanyi hivyo kwa mapenzi peke yake.

Basi yule bwana mpole wa maneno alikuwa mlanguzi, kwa jina letu la zamani. Sisemi kwamba kununua rahisi na kuuza ghali ni kosa la jinai. Nasema kwamba aliyeuziwa alijua anachonunua na aliyeuza hakujua anachouza, na mjane wa fundi mitambo si mtu wa kuchezewa hivyo.

Binti yake, yule mwalimu wa Kahama, ndiye aliyeigundua hila. Alipiga picha ya dashibodi, akaitafuta katika simu yake usiku ule, asubuhi akampigia kaka yake Geita akisema, “Kaka, usikubali kitu chochote kitoke kwa mayu mpaka nije.” Walipokutana walikubaliana mambo mawili. La kwanza, dashibodi isiuzwe peke yake, kwani gari lenye vitu vyake vyote vya ndani lingewapa zaidi, na pia mama alitaka kuliona limekamilika kabla hajafumba macho. La pili, vilivyotoka vitafutwe.

Usukani ulikuwapo, ukiwa na mshikio wenye sura ya mbao na miale yake mitatu ya chuma. Reksini ya kufunikia mgongo wa gia ilikuwapo pia, nayo ina ua la misonge inayokutana, mfano wa almasi. Watu wa Shinyanga hucheka wakiambiwa hivyo, na mimi sikuacha kucheka. Jambo la kuangalia ni kwamba ile ya asili haikushonwa kwa uzi. Alama zake ziligandamizwa kwa joto. Ukiona uzi, ujue ni mwigo. Zilizokosekana ni saa na viti viwili.

Saa ilipatikana Nairobi. Mji ule una gereji zinazohudumia magari ya zamani, hasa tangu mwaka 2003 yalipoanzishwa mashindano ya Safari kwa ajili ya magari ya kale, ambayo katika baadhi ya miaka yamekuwa yakiingia hadi Tanzania. Kaka aliwaandikia watu, akatuma picha, akasubiri, na hatimaye akaletewa saa moja iliyokufa. Saa za 240Z zilikuwa na tabia ya kufa mapema, hilo lisikushangaze. Fundi saa wa Mwanza aliifungua, akaisafisha mafuta yaliyoganda, na ikatembea. Inachelewa dakika chache kila siku. Mama amesema marehemu naye alikuwa hivyo hivyo.

Safari ya kiti cha kushoto ni ndefu zaidi. Fundi aliyekabidhiwa alikwisha kuhama Shinyanga tangu miaka ya 1990, alipovutwa na fedha ya dhahabu kama walivyovutwa mafundi wengine wengi, maseremala, washonaji, waashi. Mgodi wa zamani wa Geita ulikuwa umefungwa mwaka 1966, lakini wachimbaji wadogo walikuwa wameenea vilimani, na penye mchimbaji aliyepata kuna mtu wa kumuuzia godoro, nyama choma na viti vipya vya gari. Kaka alimkuta mzee huyo Katoro, macho yamefifia, cherehani anaendesha mjukuu. Alikikumbuka kiti mara moja. Alikumbuka hata mikanda ya mpira iliyokazwa chini ya sponji mahali pa springi, kitu ambacho hakuwahi kukiona katika gari jingine wakati ule. Alikikaa nacho miaka kadhaa akitegemea mwenyewe atakuja, kisha katika mwaka wa shida akakiuza kwa mama mmoja aliyekuwa na kibanda cha chakula njia ya Nyarugusu.

Kaka akaenda Nyarugusu. Mama yule alikuwa amekwisha fariki, na wanawe walisema kiti kilichukuliwa na bwana mmoja mwenye karasha la kusagia mawe, akakiweka kwa mlinzi wake huko Rwamgasa. Akaenda Rwamgasa. Makarasha yapo mengi, na walinzi ni wengi kuliko makarasha. Alikagua viti vya walinzi kwa siku mbili, watu wakamdhania ni afisa wa kodi. Alikuta viti vya Land Rover, vya Peugeot 504, vya Toyota za kila umri, kimoja cha basi, na kimoja cha kinyozi ambacho hakikuwahi kuwa ndani ya gari. Cha Datsun hakikuwapo. Mlinzi mmoja mzee alisema aliwahi kuona kiti kifupi cheusi ambacho wenzake walikuwa wakikiinua kwa mawe, maana mtu akikikalia magoti humfika kidevuni. Hapana shaka ndicho. Kiliondoka na mtu aliyehama kwenda upande wa Kahama.

Kiti cha kulia hakikuwa na mafumbo. Kila mtu alijua kipo Tinde kwa shangazi, sebuleni, karibu na dirisha, kimewekwa juu ya kitako cha mbao ambacho marehemu alikitengeneza kwa mkono wake. Shangazi ana umri unaokaribia miaka themanini na mitano. Kaka alikwenda huko akiwa na sofa jipya juu ya pikapu, akidhani mambo yatakwisha kwa dakika kumi. Shangazi alimkaribisha, akampikia, akamsikiliza hadi mwisho, akamjibu kwamba kaka yake hakumwazima kiti kile, alimpa. Sofa, alisema, ni zuri, liwekwe pale kwa wageni.

Nimeyasikia masimulizi ya pande zote mbili, na kila upande unanitazama kwa jicho la kutaka nihukumu. Kaka anasema shangazi haelewi thamani ya kitu alichokalia. Dada anasema shangazi anaielewa vizuri kuliko wote, ila kipimo chake si kile cha mnada. Amekaa katika kiti hicho tangu mwaka 1986. Mgongo umekizoea, na kila asubuhi anapoketi anashika mbao zilizorandwa na marehemu. Kumtoa mzee hapo ili tajiri asiyejulikana apate gari lililokamilika, dada anasema, ni kugeuza mambo juu chini. Mimi niko pamoja na dada. Kitu alichopewa mtu kwa mkono wa hiari na aliyekuwa na haki ya kukitoa si cha urithi tena, na sheria haina haja ya kuitwa ili itueleze hivyo.

Huko nyuma nimetaja urithi, na hapo kuna jambo ambalo familia nyingi za wafanyakazi hulisahau. Kadi ya gari lile ingali na jina la marehemu. Namba yake ni ya mtindo wa kale, uliotangulia namba zetu za sasa zinazoanza kwa herufi T. Gari lililokaa chini ya turubai tangu wakati ule halijawahi kuingizwa katika daftari jipya. Mnunuzi wa kweli, anayetaka kulipa bei ya kweli, hatalipa senti mpaka aone nani ana mamlaka ya kuuza. Maana yake ni kwamba lazima ukoo ukae, upendekeze msimamizi wa mirathi, mahakama imthibitishe, ndipo yeye aende mamlaka ya mapato na kadi. Walanguzi hupenda familia ambazo hazijafanya hivyo, kwani asiye na karatasi hana nguvu ya kukataa bei. Kama una gari, pikipiki, hata mashine ya kusaga iliyobaki kwa jina la marehemu, juma hili lizungumzeni jambo hilo mkiwa wote mezani, mjane akiwapo na akisikilizwa. Familia ya Ngokolo imekwisha kulifanya mwaka huu, na mama ndiye msimamizi.

Jambo la pili la tahadhari linahusu wizi. Habari ikienea kwamba vitu vya ndani vya magari ya zamani vina wanunuzi, wapo watakaovipata bila kuulizana na mwenyewe. Kaka aliwahi kuletewa mjini Geita vitasa vya milango na kioo cha ndani vya gari la kale, bado vina skrubu zake, na kijana aliyevileta hakuweza kusema vimetoka wapi. Alivikataa. Ajuaye au aliye na sababu ya kujua kwamba mali ni ya wizi naye akaipokea, mbele ya sheria yu mkosaji kama yule aliyeiba, na kusema uliipenda sana Datsun hakutakusaidia kizimbani. Dai risiti, au walau andiko lenye jina, sahihi na namba ya simu ya muuzaji, na shahidi mmoja.

Upande mwingine wapo wanaouza vya bandia kama vya asili. Namba za vipuri vya Nissan huwa na herufi na tarakimu kumi kwa jumla, katika mafungu mawili ya tano tano, na nyingi za 240Z fungu lake la pili huanza kwa E4. Ukiziona zimepigwa katika plastiki au zimebandikwa kwa nyuma, una mahali pa kuanzia. Usipoziona, usitoe fedha kwanza. Mwonyeshe fundi asiye na ubia na muuzaji.

Mpaka ninapoandika haya mambo yamefika hapa. Yule mlanguzi alirudi mara mbili, kila mara na ng'ombe wawili zaidi, na mara ya pili mama alimkaribisha chai bila kuivuta dashibodi. Kuna mnunuzi mwingine, mkazi wa Nairobi, aliyeona picha na yuko tayari kungoja. Shangazi, baada ya kaka kumwomba radhi, ametoa neno lake mwenyewe bila kuombwa: fundi aruhusiwe kuja Tinde kupima kiti, kukipiga picha na kuchukua vielelezo vya karatasi ili kishonwe kingine cha mfano wake, lakini chenyewe kisitoke sebuleni wakati yeye yu hai. Mjukuu wa yule mzee wa Katoro amekwisha kwenda na futi yake. Mzee alimsindikiza, akakipapasa kiti kwa vidole maana haoni vizuri, akaeleza mahali ambapo kila mshono ulipita.

Cha kushoto bado. Sura yake ni hii: ni cheusi, cha vinili, kifupi kiasi kwamba chini hakina miguu, na mgongo wake mrefu umeungana na mahali pa kuegemeza kichwa bila kutenganishwa. Ukikigeuza utaona mikanda ya mpira, au mahali ilipokuwa. Yumkini kimeshonewa ngozi nyingine juu, hivyo usidanganywe na rangi. Kata uzi mmoja utazame chini. Huenda kipo Kahama, au Isaka kwa wanaotengeneza malori, au Masumbwe, au tangu daraja la Kigongo–Busisi lilipofunguliwa mwaka 2025 kimevuka ziwa kwenda Mwanza. Ukikiona, mwulize kwanza anayekikalia kama mgongo wake una nafuu. Kisha tuandikie hapa gazetini, nasi tutapeleka ujumbe Ngokolo.